Virusi Vingine

Uru, 14 Septemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Zita,

Pokea salamu za kihamba kizima, watu na migomba. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako Filbert ni mzima, watoto wazima, na mama mkwe bado anazunguka migombani na panga lake kuliko sisi wote. Je, wewe? Joto la India limekuzoea au wewe ndiye uliyelizoea? Nasikia huko hawajui ndizi za kupika. Nikila mtori nakukumbuka.

Kahawa mwaka huu imekuwa fujo. Wanunuzi binafsi wanakuja na pikapu na mizani yao hadi mlangoni, chama cha ushirika nacho kinataka tukipelekee chenyewe. Filbert ameuza nusu huku nusu kule, sasa amekasirikiwa na pande zote mbili.

Padre aliniuliza unasomea nini. Nikamwambia mambo ya damu. Akasema, "Damu ya nini?" Nikabaki natabasamu kama mjinga. Hebu niandikie kwa Kiswahili cha kawaida ili nijue la kujibu.

Lingine ni dogo. Tangu Pasaka natokwa na damu siku ambazo si zangu, na zaidi baada ya kuwa na shemeji yako. Nilikwenda zahanati, nesi akanipa vidonge vya fangasi. Vilipoisha akanipa vingine. Hakuniangalia, aliandika tu huku akiongea na mwenzake. Mama mkwe anasema ni umri. Nina miaka thelathini na minane, umri gani huo? Lakini usihangaike, nimekuambia tu kwa sababu wewe ni wa mambo ya damu.

Wifi yangu Gladness anakusalimia. Ananisaidia sana na pombe, siku hizi tunapika mbege pamoja na kuuza Jumamosi.

Ni mimi dada yako,
Kornelia


Chennai, 9 Oktoba 1998

Dada Kornelia, shikamoo.

Barua yako nimeipata jana. Mimi mzima, joto halijanizoea wala mimi sijalizoea. Nawasalimu wote.

Nianze na swali la padre. Mwili unatumia hewa ya oksijeni kama jiko linavyotumia kuni, na jiko lolote hurusha cheche. Cheche hizo zikiachwa huunguza chembe za mwili. Kwa hiyo mwili una vimeng'enya, yaani vitu vidogo mno ndani ya damu na nyama, vyenye kazi ya kuzizima. Mimi napima vimeng'enya hivyo katika damu ya wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Nawapima pia wanawake wasioumwa, kisha nalinganisha. Kwa wagonjwa vimeshuka, na alama za kuungua zimepanda. Pia tunatafuta virusi vinavyosababisha saratani hiyo, ambavyo mtu huvipata kwa kujamiiana. Hiyo ndiyo kazi yangu, mchana kutwa nimeinamia vichupa.

Sasa habari yako uliyoiita ndogo. Dada, nimeisoma mara tatu. Wanawake ninaowapokea hapa karibu wote wanaanza na maneno yako hayohayo: damu siku zisizo zao, damu baada ya kukutana na mume. Sisemi unayo. Nasema huwezi kujua, nami siwezi kujua, mpaka mtu akuangalie kwa macho. Acha vidonge vya fangasi. Shuka hospitali kubwa, waombe wakuchunguze mlango wa kizazi. Uwaambie hivyohivyo, usione haya.

Mama alipofariki ni wewe uliyenilea. Nifanyie hili.

Mdogo wako,
Zita


Chennai, 11 Januari 1999

Dada Kornelia, shikamoo na heri ya mwaka mpya.

Nimekuandikia mara mbili tangu Oktoba na sijapata jibu. Nilipiga simu dukani kwa Mama Manju, pale mnaponunua vitambaa, nikamwomba akikuona akuambie uwepo dukani Jumanne saa nne. Jumanne nikapiga. Akaniambia, "Dada yako hajaja. Mume wake nilimwona, hakutaka kuongea." Kisha laini ikakatika.

Kuna nini? Umekwenda hospitali? Hata kama umenikasirikia, andika uniambie umenikasirikia.

Wako,
Zita


Uru, 20 Februari 1999

Zita,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo.

Ndiyo, nimekukasirikia. Barua yako ilichukuliwa na Filbert parokiani kama kawaida, akaifungua mezani tukiwa tunakula, akatusomea kwa sauti kama anavyosoma barua zako zote maana huwa zinachekesha. Alikuwa anasoma vizuri, habari za jiko na cheche, mama mkwe anatikisa kichwa kwa kufurahi. Akafika kwenye virusi. Akafika kwenye kujamiiana. Akaishusha barua. Mama mkwe akauliza, "Virusi? Nani ana virusi?"

Zita, unajua neno hilo huku maana yake ni nini? Unajua tumezika wangapi kwenye mteremko huu? Neno hilo likitajwa kwenye nyumba, watu wanaacha kunywa kwenye kikombe chako. Filbert alisema, "Mdogo wako ananiambia mimi ni malaya, au anakuambia wewe?" Asubuhi akaenda Bomang'ombe kwa kaka yake, akakaa huko hadi baada ya Krismasi. Mbege nilimwaga, hakuna aliyekuja kununua. Ni Gladness peke yake aliyeendelea kuingia jikoni kwangu na kula chakula changu.

Basi nikaenda hospitali kama ulivyotaka. Nikapima UKIMWI. Majibu yametoka juzi, sina. Nimemwonyesha Filbert karatasi, nimemwonyesha na mama yake. Kwa hiyo mimi ni mzima, sina virusi vyako. Naomba usiniandikie tena mambo kama hayo.

Dada yako,
Kornelia


Chennai, 16 Machi 1999

Dada yangu, shikamoo.

Poleni kwa yaliyowapata. Pole kwa mbege, pole kwa vikombe. Mwambie Gladness namshukuru. Neno lile ningelieleza vizuri ningejua linasomwa mezani, lakini barua ilikuwa yako, dada, sikuiandikia meza.

Nisikilize kwa utulivu, na barua hii ifiche. Si virusi vile. Virusi ni neno pana kama neno mdudu. Siafu ni mdudu, nyuki ni mdudu. Mafua ni virusi, surua ni virusi. Hivi ninavyovisema vinaitwa virusi vya papiloma, vya ukoo mmoja na vile vinavyoleta chunjua za mikononi. Karibu kila mwanamke aliyeolewa na kila mwanamume aliyeoa huvipata siku moja, hata wale wasioujua mlango wa nyumba nyingine. Wengi mwili wao huvifukuza bila wao kujua. Kwa wachache vinabaki, vinakaa miaka kimya, na taratibu vinazigeuza chembe za mlango wa kizazi. Kwa nini kwa mmoja viondoke na kwa mwingine vibaki? Hapo ndipo tunapohangaika na vimeng'enya vyetu.

Karatasi uliyoipata ni njema, namshukuru Mungu. Lakini imejibu swali ambalo sikuuliza. Ulipima damu ya mkono. Hakuna aliyeangalia panapotoka ile damu nyingine. Je, imekoma? Hukuniambia. Kama ingekuwa imekoma ungeniambia.

Rudi, dada. Safari hii sema "mlango wa kizazi".

Mdogo wako,
Zita


Uru, 3 Julai 1999

Mpendwa Zita,

Salamu nyingi kutoka kwetu, mvua imekuwa nzuri na baridi ya mwaka huu inauma mifupa. Filbert amerudi zamani na hasira zimekwisha. Barua yako ya Machi nilimweleza mwenyewe tukiwa wawili tu, nikaanzia kwenye chunjua za mikono. Alitazama viganja vyake halafu akasema, "Sasa kwa nini hakusema hivyo toka mwanzo?"

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka nikuandikie jambo zuri. Unamkumbuka Mama Anaeli, aliyekuwa karani kiwandani mjini kabla hakijauzwa? Sasa anauza dawa za lishe, zinatoka nje, anavaa suti na kufanya semina ukumbini. Nilimsikia akitaja vimeng'enya! Nikamwambia mdogo wangu anasoma hayohayo India. Alifurahi kupita kiasi. Alinieleza vizuri kabisa: vimeng'enya vikishuka ugonjwa unaingia, ukivipandisha ugonjwa unatoka, na vidonge vyake ndivyo vinavyovipandisha. Vinaitwa antioksidanti. Nilimwonyesha sehemu ya barua yako ya kwanza, akasema umeandika sawasawa na kitabu chao. Sasa kwenye semina ananitaja, na wewe anakutaja, "mtaalamu wetu aliyeko India".

Tumeuza mbuzi, nimeanza dozi ya pili. Damu imepungua kidogo, nadhani. Kuna majimaji yenye harufu, lakini Mama Anaeli anasema huo ni uchafu unaotoka, mwili unajisafisha.

Kwa hiyo asante, mdogo wangu. Masomo yako yamenifaa.

Dada yako akupendaye,
Kornelia


Chennai, 24 Julai 1999

Dada, shikamoo.

Sina salamu ndefu leo. Nimesoma barua yako nikiwa maabara, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Mama Anaeli hajui anachosema. Sio mtu mbaya, lakini hajui, na mbaya zaidi anatumia maneno yangu. Nimeona vimeng'enya vimeshuka kwa wagonjwa. Basi! Sijaona kilichotangulia. Je, vilishuka kwanza ndipo ugonjwa ukapata njia? Au ugonjwa ulikuja kwanza ukavimaliza? Damu naichukua mara moja tu, mtu akiwa tayari mgonjwa. Haiwezi kuniambia ya nyuma. Nimemuuliza profesa wangu, naye hajui. Tumesoma majarida mpaka macho yanauma, kila mwandishi anamalizia kwa kusema utafiti zaidi unahitajika. Hakuna mahali popote, popote, nilipoona kidonge cha namna hiyo kikitoa saratani kwenye mlango wa kizazi cha mtu.

Na majimaji yenye harufu si mwili kujisafisha. Nawajua wanawake wanaotoa majimaji hayo. Nawajua kwa majina.

Nakuomba kwa jina la mama. Barua hii ikifika Jumatatu, nenda Jumanne. Ikifika Jumanne, nenda siku hiyohiyo. Mama Anaeli mwambie mtaalamu wa India amekataza asitajwe.

Zita


Uru, 6 Novemba 1999

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Sisi tuko hivyohivyo.

Nilikwenda. Safari ya kwanza niliambiwa kliniki ya akina mama ni Alhamisi. Alhamisi umeme haukuwepo. Alhamisi nyingine muda wa kliniki uliisha nikiwa bado benchi, nikalala kwa rafiki yake Gladness ili niwahi kesho yake, kesho yake wakasema si Alhamisi. Nilitaka kurudi nyumbani nisiende tena maisha. Gladness ndiye aliyenivuta.

Mwisho nikamwona daktari, mwanamke, kijana kuliko wewe nadhani. Akaniuliza, "Mama, umewahi kuchunguzwa huku chini?" Nikasema sijawahi. "Umezaa mara ngapi?" Nikasema mara nne. "Mara zote nne hakuna aliyewahi kuangalia mlango wa kizazi?" Nikamwambia, "Walikuwa wanaangalia mtoto." Hakucheka. Akawasha taa yake, akaangalia, akaisogeza taa akaangalia tena. Alikata kipande kidogo, kikapelekwa kupimwa. Wakati tunasubiri majibu nilivitupa vidonge vya Mama Anaeli chooni, kisha nikajuta, nikafikiri labda ningevimeza tu.

Ni saratani. Daktari amesema imepita mahali pa kupasuliwa, imeanza kusogea pembeni, lakini haijafika mbali. Natakiwa Dar es Salaam kwa mionzi. Nikamuuliza kuhusu vimeng'enya, akasema, "Mama, hivyo ni vya maabara. Mimi nakutaka Dar."

Filbert anasema tumalize kwanza kuchuma kahawa, halafu twende. Hakatai. Anasema tu kahawa kwanza.

Nina hasira, lakini sijui nimkasirikie nani. Nesi wa vidonge? Mama Anaeli? Wewe na elimu yako isiyojua kilichotangulia? Mwaka mzima na zaidi tumeandikiana habari za cheche na wadudu. Inanisaidia nini mimi kujua vimeng'enya vyangu vimeshuka?

Njoo nyumbani. Njoo unipeleke.

Dada yako,
Kornelia


Chennai, 29 Novemba 1999

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Nimelia, nimenawa uso, sasa naandika.

Swali lako, inakusaidia nini. Haikusaidii. Ingekusaidia kama mtu angekuchungulia miaka mitano iliyopita, kabla chembe hazijageuka. Hapa kuna madaktari wanaojaribu kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kwa macho, panapogeuka kuwa peupe panatibiwa mapema. Siki, dada, ya kwenye kachumbari. Nami nina mashine inayojaza chumba.

Nilikwenda kwa profesa nikaomba ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ukiondoka kabla ya kukabidhi tasnifu, wafadhili watafunga faili." Nikasema ni dada yangu. Akasema, "Najua. Nami nilikuwa na mama." Kisha akafungua jarida lake akaendelea kusoma. Niliondoka nikapiga mlango. Nimewaandikia wafadhili mwenyewe kwa faksi. Jibu lao limekuja leo: hapana. Nikija sitarudi, na kazi ya wanawake wote walionipa damu yao itaoza kwenye friji. Nimekaa na jambo hili usiku na mchana, sijaona upande usiouma. Nitabaki. Nichukie, lakini nenda bila mimi. Gladness akupeleke.

Ukurasa huu wa chini ni wa Filbert. Safari hii nataka usomwe mezani.

Shemeji Filbert, shikamoo. Nakuheshimu, ndiyo maana nasema wazi. Kahawa ikianguka chini mwakani itazaa nyingine. Ugonjwa wa dada leo unaweza kuzuilika, na baada ya mavuno huenda usizuilike tena. Hakuna anayekulaumu kwa virusi. Kwa mwezi utakaomchelewesha, mimi nitakulaumu. Shemeji yako, Zita.


Chennai, 8 Februari 2000

Dada, shikamoo.

Sijasikia chochote tangu Novemba. Mama Manju anasema Filbert amefunga nyumba na hajibu mtu yeyote. Uko wapi? Mko wapi?

Zita


Dar es Salaam, 12 Machi 2000

Mpendwa Zita,

Usishangae anwani. Nimelazwa hospitali huku tangu Februari, na kabla ya hapo tulisubiri nafasi kwa binamu yake Gladness, Mbagala. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kukuambia zaidi ya kusubiri, na kusubiri hakuna barua yake. Sikuchukii. Nilitaka kukuchukia, nguvu sikuwa nazo.

Filbert aliusoma ukurasa wako mezani kwa sauti, mpaka mwisho, mama yake akiwepo. Akaukunja. Kesho yake alikwenda kuuza kahawa iliyoiva tu, mbichi akaiacha mtini, akatupandisha mimi na Gladness kwenye basi. Kwa hiyo ulimpiga panapouma.

Mionzi haiumi unapopigwa. Inauma baadaye. Tumbo linaendesha, ngozi imekuwa nyeusi kama sufuria, na siku zangu zimekatika kabisa, nimekuwa mzee kwa wiki chache. Gladness ananifulia na kunipikia uji kwenye jiko la mkaa nje ya uzio pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Hajalalamika hata mara moja.

Wodini tuko wa kila kabila. Jirani yangu wa kulia anatoka Lindi, wa kushoto Kondoa. Usiku tunasimuliana. Zita, kila mmoja alipewa vidonge vya fangasi. Kila mmoja! Ungedhani tulipitia zahanati moja. Mama wa Kondoa alifariki Alhamisi.

Filbert alikuja wiki iliyopita. Alikaa benchi la nje na kofia mikononi, hajui aiweke wapi. Akaniuliza kwa Kichagga, polepole, "Kornelia, ni mimi niliyekuletea?"

Nikamwambia, "Sijui."

"Zita anajua?"

"Hata Zita hajui."

Akasema, "Mwulize." Basi nimekuuliza.

Dada yako,
Kornelia


Chennai, 10 Aprili 2000

Dada Kornelia, shikamoo. Nimeibusu barua yako mbele ya watu.

Mwambie shemeji hivi: haiwezekani kujua. Virusi hivi vinaweza kulala miaka kumi, hata zaidi. Huenda vilitoka kwake, huenda yeye alivipata bila kosa lolote, huenda havihusiani naye hata kidogo. Hakuna kipimo cha kumshtaki wala cha kumsafisha. Najua ni jibu baya. Ndilo la kweli.

Tasnifu nimekabidhi. Ndani niliandika sentensi moja kwamba, kati ya wagonjwa wote walionipa damu, hakuna aliyewahi kuchunguzwa kabla ya kuanza kutokwa na damu. Profesa aliikata kwa kalamu nyekundu. Akasema, "Hii ni kweli, lakini si baiokemia." Tukabishana mpaka wenzangu wakatoka nje. Imebaki imekatwa. Sentensi ya mwisho ya kitabu changu inasema utafiti zaidi unahitajika. Nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nafika Septemba. Nitapanda moja kwa moja Uru, mizigo itafuata.

Mdogo wako,
Zita


Uru, 20 Julai 2000

Mpendwa mdogo wangu Zita,

Tumerudi nyumbani tangu Mei, na baridi imetupokea vizuri. Filbert anakusalimia. Jibu lako nilimpa. Alisema "aha", akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, na tangu siku hiyo hajauliza tena, ila maji ya kuoga ananichemshia yeye. Mama mkwe anajifanya haoni.

Daktari wa Dar hakusema nimepona. Alisema, "Tutaona." Narudi kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu. Nachoka haraka, nikipanda kutoka barabarani napumzika njiani kama bibi. Lakini damu imekoma.

Nikuambie nilichofanya. Jumatano kwenye jumuiya, tulipomaliza kusali, nilisimama. Nikasema mimi naumwa saratani ya mlango wa kizazi, si UKIMWI, nikaeleza damu ilivyoanza, nikaeleza vidonge, nikasema mwenye dalili hizo asingoje kama mimi. Zita, hawakuniuliza hata swali moja. Wanaume waliangalia miguu yao. Mwenyekiti akasema, "Tunamshukuru mama kwa ushuhuda wake," kisha akatangaza michango ya bati la kanisa. Mama Anaeli alikuwepo, alinishika mkono akaniambia nimejitahidi ila ningemaliza dozi. Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka nikaivunja kata ya mbege.

Gladness alinifuata jikoni. Alikaa akamenya ndizi. Nikamwambia, "Wewe ulikuwa Dar na mimi, uliona wote, hata wewe huna la kusema?"

Akasema, "Mimi pia, wifi."

Sikuelewa. "Wewe pia nini?"

"Natoka damu. Tangu tukiwa Dar."

Wiki zote zile alinifulia nguo pale nje ya uzio, mita chache kutoka kwa madaktari wa ugonjwa huohuo, na hakusema! Nilimfokea, Zita. Nilimfokea kama mtoto. Alijibu tu, "Ulikuwa unaumwa wewe. Tungeumwaje wote wawili?" Na mumewe hajui, anaogopa kumwambia kwa yaliyonipata mimi kuhusu lile neno.

Nimemwambia hatumwambii mtu yeyote neno lolote. Tunasema tunakwenda mjini kununua ulezi. Leo ni Alhamisi. Umeme ukikatika tutakaa, muda ukiisha tutalala hukohuko, na daktari nitamwambia mwenyewe cha kuangalia.

Nilitaka kukuandikia zaidi, ila Gladness ameshafika. Amesimama mlangoni, amevaa viatu vya kanisani, na kwa jinsi anavyoangalia njia naona nikichelewa dakika moja atageuka arudi kwake.

Dada yako,
Kornelia